Barua ya Macho Isomwe Vizuri

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Bunia)



Wengi kati yetu tulitibiwa kule tulikokimbilia. Waliovuka Ziwa Albert mwaka 2018 wamerudi na makaratasi ya Kingereza kutoka Uganda, na munganga wa hapa amesoma kwa Kifaransa. Lazima tutafsiri. Lakini karatasi iliyotafsiriwa mbaya inaweza kumpofusha mtu.

Baba mmoja wa ushirika wetu alimtembelea mtoto wake Ujerumani, akapimwa macho, akarudi na barua. Jamaa mmoja wa Kampala aliigeuza kwa Kingereza, kisha ikatufikia sisi tuiweke kwa Kifaransa. Kwa Kingereza iliandikwa ana "katarakte ya kijani". Ugonjwa gani huo? Tukaomba barua yenyewe ya Kijerumani. Ndani yake: Grüner Star.

Sasa sikieni. Hiyo Star ni neno la kale la Wajerumani, haihusu nyota. Grauer Star, ile ya kijivu, njo katarakte, wengine wanaita mtoto wa jicho. Grüner Star, ile ya kijani, ni glokoma, presha ya jicho. Jina moja, rangi mbili, na magonjwa hayafanani hata kidogo! Katarakte ni lenzi ya jicho iliyoingia ukungu. Munganga anaitoa, anaweka nyingine, na mara nyingi mtu anaona tena. Glokoma inakula mshipa wa kuona polepole, mara nyingi bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Matone ya kila siku yanalinda kile kilichobaki; hata operesheni yake ni ya kulinda tu. Kama baba yule angeambiwa ni katarakte, angeacha matone akae kungoja "iive", vile watu wanasemaga. (Na wenye kumeza vidonge vya presha ya damu: msidhani vinatosha kwa presha ya jicho.)

Kuna pia herufi ndogo ndogo. Mjerumani anaandika RA kwa jicho la kuume na LA kwa la kushoto. Kwenye makaratasi ya Kingereza utakuta RE na LE, ama Kilatini: OD na OS. Mfaransa naye anaandika OD na OG. Ile OS, kwa Kifaransa, ni mfupa! Vipimo navyo: 0,1 ya Ujerumani, 6/60 ya Uganda na 1/10 ya hapa kwetu ni kuona kulekule, hakuna kubwa wala ndogo.

Kwa hiyo tunaomba hivi. Tafsiri isitembee peke yake, ifungwe pamoja na barua ya kwanza. Jicho liandikwe kwa neno zima, si kwa herufi. Na ninyi wafadhili wetu wenye jamaa au marafiki Ujerumani, waambieni waganga waandike Katarakt au Glaukom. Wanayajua maneno hayo, na yanafika Bunia bila kubadilika sana. Star inapotea njiani.

Wenye matone nyumbani, mkileta makaratasi leteni na chupa. Hata ikiwa tupu, jina la dawa liko juu yake.