Chuo Kikuu Huru, Uchumi Imara



Tumeombwa tueleze jinsi elimu ya juu inavyozaa uvumbuzi na kuinua uchumi wa taifa. Twaanza na gari.

Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Waliliunda, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer ilizinduliwa hadharani. Lakini fedha za kuyaunda magari hayo kwa wingi hazikupatikana, na mradi ukafa. Kumbe akili tulikuwa nazo. Vilivyopungua ni viwili.

Cha kwanza ni uhuru. Uvumbuzi huanza kwa swali, na anayeogopa kuuliza hawezi kuvumbua. Chuo hicho hicho kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Tena, hadi Rais Kibaki alipoingia madarakani, Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Chansela wa kila chuo kikuu cha umma. Leo Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi. Ngao hiyo tuliipata kwa jasho; tusiiachie ishike kutu.

Cha pili ni fedha za kudumu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoanza mwaka 1939 kama shule ya kilimo huko Njoro, wametupatia maharagwe ya Chelalang, Tasha na Ciankui. Mbegu ya namna hiyo hujaribiwa misimu mingi kabla ya kumfikia mkulima. Fedha zikikatika katikati, jasho la misimu iliyotangulia hupotea, na mkulima hubaki na mbegu ile ile ya zamani.

Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 inaagiza utafiti utengewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kiwango hicho hakijawahi kutolewa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Taifa litakalo viwanda sharti ligharimie maabara.

Ndugu zetu, Kifungu cha 201 kinatupa haki ya kushirikishwa katika mambo ya fedha za umma. Bajeti inapojadiliwa, twendeni pamoja, makanisa na vyama vya wananchi, tumwulize kila mbunge: asilimia 2 iko wapi? Tusiondoke kabla ya kujibiwa.