Anzeni na Herufi Zao

Nimeombwa niwaeleze, ninyi mnaojiandaa kufundisha Kikorea hapa katikati ya jiji, jinsi ya kuanza na mtu asiyejua hata neno moja. Nitaanza na kosa langu.

Darasa langu la kwanza niliandika kila kitu ubaoni kwa herufi zetu hizi za a, e, i. Wiki ya nne nikawapa maandishi ya Kikorea chenyewe. Kimya. Watu walikuwa wamelipa nauli mwezi mzima kutoka Kangemi na Kawangware, na hawakuweza kusoma hata neno "maji".

Kwa hivyo anzeni na Hangul. Mfalme Sejong aliitangaza mwaka 1446 ili watu wa kawaida waweze kusoma na kuandika. Herufi za msingi ni 24 tu: konsonanti 14 na irabu 10.

Kisha matamshi. Maji ni "mul", lakini wengi wetu tutaongeza irabu mwishoni na kusema "mulu". Anayezungumza Dholuo hasumbuki sana hapo. Mwacheni awaongoze wenzake. "Dal" ni mwezi, "tal" ni kinyago: shikeni karatasi mbele ya mdomo, kwa neno la pili itatikisika zaidi.

Heshima wataielewa upesi. "Annyeong" ni ya marafiki. Mkubwa huambiwa "annyeonghaseyo". Nani hapa humsalimu nyanyake kwa "niaje"?

Kitenzi nacho hukaa mwisho, kama kusema "mimi maji nanywa". Watacheka. Waacheni wacheke, kisha waseme tena.