MSHIRIKA AJAYE NYUMA

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad:

Ndugu Waislamu, wanaume kwa wanawake, yako mambo ambayo watu huyaona madogo, na ukubwa wake haujulikani mpaka yaharibike. Miongoni mwa hayo ni ushirika katika biashara, na khasa ushirika wa watu wawili ambao mmoja wao alianza kazi peke yake, akaisimamisha kwa jasho lake, kisha mwingine akaja nyuma akataka kuingia, au akaombwa aingie. Washirika walioanza siku moja wana shida zao, lakini mlango wao ni mmoja. Hawa wengine kila mmoja ameingia kwa mlango wake, na kila mmoja huhesabu tangu siku yake.

Nchi ya Mbau ina haja kubwa ya kulifahamu jambo hili. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, siku iliposhambuliwa Mocímboa da Praia, watu wa sehemu hizi walitawanyika. Wako waliokimbilia Palma, wako waliokwenda Mueda na Nangade, wako waliofika Pemba, na wako waliovuka mto Ruvuma. Mji wa Mocímboa da Praia ulitekwa mwezi wa Agosti 2020, ukarudishwa tarehe 8 Agosti 2021. Na baada ya hapo kurudi kwa watu hakukuwa kwa siku moja. Yuko aliyerudi mwanzo akakuta majani yamemea mlangoni, akafyeka, akajenga banda, akaweka mfuko mmoja wa sukari na vipande kumi vya sabuni, akauza. Usiku akilala na khofu na mchana akikaa na njaa, mpaka duka likasimama. Kisha baada ya miaka anarudi ndugu yake au jirani yake, naye ana fedha kidogo aliyoiweka akiba ugenini. Mwenye duka anamhitaji, kwani mtu mmoja hawezi kukaa dukani na kwenda kununua mali kwa wakati mmoja. Basi humwambia: "Ingia, ndugu yangu, chako changu na changu chako."

Maneno hayo ni matamu, na ndiyo mwanzo wa msiba. Mwaka haupiti ila wa kwanza husema: "Ulikuwa wapi mimi nilipokuwa nikilala hapa peke yangu?" Na wa pili hujibu: "Duka lilikuwa na nini kabla ya fedha yangu?" Na wote wawili wanasema kweli. Hakuna ugomvi mgumu kuamua kama ugomvi wa watu wawili wakweli ambao hawakuandikiana kitu.

Na tutazame jinsi wema waliotangulia walivyofanya. Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622, aliwafunga udugu Muhajirina waliotoka Makka na Ansari waliokuwa wenyeji. Wahamiaji wale waliacha majumba na mali, wakafika mikono mitupu katika mji wa watu wenye mashamba yao. Abdurrahman bin Auf alifungiwa udugu na Saad bin Rabii, naye Saad alikuwa tajiri, akamwambia mwenziwe kwamba yu tayari kumkatia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka katika mali yake, kisha akataka aonyeshwe njia ya sokoni tu. Akaenda, akauza samli na maziwa makavu, na haukupita muda ila alikuwa na mali yake mwenyewe.

Kadhalika Ansari walimwomba Mtume awagawie mitende yao baina yao na ndugu zao Muhajirina. Mtume hakukubali kugawa shina la mitende. Ndipo wakaafikiana kwamba Muhajirina watafanya kazi mashambani, na matunda watashirikiana. Zingatieni hekima hii. Mwenye mtende alibaki na mtende wake alioupanda na kuutilia maji miaka mingi, na aliyekuja nyuma akapata fungu la haki kwa kazi ya mikono yake. Hakuna aliyedhulumiwa, na wala hakuna aliyekula sadaka akaona haya.

Basi na tuchukue mfano, kwa majina ya mifano ya vitabuni, Zaidi na Amri. Zaidi ana duka alilolianza peke yake. Amri amekuja na fedha. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa pwani hii, ushirika hausihi kwa kusema tu "bidhaa zangu na fedha yako." Rasimali lazima ichanganyike hata kila kitu kiwe cha wote wawili. Na wanavyuoni wameonyesha njia, nayo ni kuuziana.

Kwanza, na waite watu wawili waaminifu wanaojua bei, wahesabu bidhaa zote zilizomo dukani mbele ya Zaidi na Amri. Tuseme zimepatikana bidhaa za metikali 120,000, na Amri ana metikali 60,000. Hapo Zaidi atamuuzia Amri thuluthi ya bidhaa zake, yaani za 40,000, na Amri atamlipa 40,000 katika ile fedha yake. Sasa bidhaa thuluthi mbili ni za Zaidi na thuluthi moja ni ya Amri. Na fedha, ile 60,000, thuluthi mbili ni ya Zaidi na thuluthi moja ni ya Amri. Wakiichanganya na kila mmoja akampa mwenziwe idhini ya kuuza na kununua, ushirika umesihi. Ikipatikana faida ya 30,000, Zaidi atachukua 20,000 na Amri 10,000. Na ikiwa hasara, itagawanywa vivyo hivyo.

Pili, madeni. Deni alilokopa Zaidi kabla ya Amri kuingia ni deni la Zaidi, na deni analowadai watu tangu zamani ni haki ya Zaidi peke yake. Hayo yaandikwe mbali. Mara ngapi mtu ameingia katika duka, na kumbe ameingia katika deni asilolijua!

Tatu, lile jasho la miaka ya kwanza. Huenda Zaidi akasema: "Bidhaa ni za 120,000, lakini jina la duka hili na wateja wake havikuja bure." Maneno yake yana asili. Baraza la Fiqhi la Kiislamu lilipokutana Kuwait mwaka 1988 lilikubali kwamba jina la biashara ni haki yenye thamani ya mali. Basi na aitaje thamani hiyo siku ya kuuziana, Amri akubali au akatae, nayo iishe siku hiyo hiyo. Jasho likitajwa mwanzo ni bei. Likitajwa baada ya miaka mitatu ni masimango.

Nne, kazi. Kwa Mashafii faida hufuata rasimali, hata mmoja akifanya kazi zaidi ya mwenziwe. Na wakishurutisha kinyume cha hivyo, mapatano yanaharibika. Kwa Mahanafi na Mahanbali faida huweza kuwa kwa namna watakavyoafikiana, na hasara ndiyo ifuatayo rasimali. Ama asiyekuwa na fedha kabisa ila ana mikono na akili, mlango wake ni mudharaba: mmoja hutoa mali, wa pili hufanya kazi, na faida hugawanywa kwa fungu linalojulikana, kama nusu au robo. Kumwekea mmoja wao kiasi maalumu, kama 5,000 kila mwezi kutoka katika faida, hakufai, kwani huenda faida isifike hapo. Mali ikipotea pasina uzembe wala khiana, mwenye mali amepoteza mali yake na mwenye kazi amepoteza kazi yake.

Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam waanzishao makampuni ya intaneti nao wamekutana na shida hii hii, kwani mara nyingi mmoja huanza peke yake na mwenziwe akaja nyuma. Desturi iliyoenea kwao ni kwamba fungu la ajaye halimfikii lote siku ya kwanza. Humfikia kidogo kidogo, aghlabu kwa miaka 4, na akiondoka kabla ya kutimia mwaka 1 hapati fungu. Si lazima kuifuata desturi hiyo, lakini hekima yake yafaa kuchukuliwa: mtu na ajaribiwe kwanza kwa ujira unaojulikana, miezi michache, kabla ya kuuziwa fungu. Katika miezi hiyo Amri naye humjaribu Zaidi.

Tano, maandishi. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Baqara, aya ya 282, ameamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, na ushirika una haja hiyo hiyo. Watu wa nchi hii wanajua zaidi ya wengine kwamba mtu hutoka asubuhi asirudi jioni. Ushirika hukatika kwa kufa mmoja wao, na fungu lake ni la warithi. Maiti haulizwi. Ikiwa hakuna karatasi, mjane atasema nini, na yatima atamdai nani? Karatasi mbili, mashahidi wawili, kila mmoja na yake. Na nakala moja ikae kwa mtu mwaminifu aliye mbali na duka.

Baada ya hesabu hubaki adabu, nayo ni nzito kuliko hesabu. Nabii Musa (A.S.) alipopewa utume aliomba apewe Harun nduguye awe mshirika katika kazi yake, akakiri kwamba Harun ni fasaha kuliko yeye. Hakuona aibu kumtaja mwenziwe kwa lile alilomzidi. Basi mwenye duka na ajue, na aseme, mwenziwe analeta nini asichokuwa nacho yeye. Na Musa alipokwenda mlimani alimwachia Harun uongozi, na aliporudi akakuta watu wanaabudu ndama akamshika nduguye kichwa kwa hasira. Harun akajieleza. Musa alipomsikia, aliomba msamaha kwa ajili yake na kwa ajili ya nduguye pia. Ndivyo ilivyo: aliyetangulia huwa mwepesi wa kumlaumu aliyekuja nyuma kila kitu kikiharibika. Na asikilize kwanza.

Tena katika Sura ya Sad zimo habari za mtu wa kondoo 99 aliyemtaka mwenziwe kondoo wake mmoja, na hapo imetajwa kwamba washirika wengi hudhulumiana, ila walioamini na kutenda mema, nao ni wachache. Zaidi mwenye thuluthi mbili na aiogope thuluthi ya Amri kama amana. Na Amri naye asihesabu siku zake dukani kama kwamba duka lilizaliwa siku aliyofika.

Mwenyezi Mungu awarudishe waliobaki ugenini kwa salama, awarehemu waliotangulia, na atie baraka katika kila duka, shamba na chombo cha watu wawili wasiokhiniana. Wabillahi tawfiq.