Njia Isiyoombewa Ruhusa
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Katibu wetu aliponiarifu kwamba zamu ya kusema imenifikia, alitaka nieleze masomo niliyoyafuata Uingereza. Lakini masomo yale ni ya majalada na hesabu, nanyi mwayajua kama mimi. Kwa hiyo naomba radhi niseme juu ya jambo nililojifunza siku za mapumziko, tena kwa miguu yangu mwenyewe, yaani njia za miguu za mashambani kule.

Jumamosi moja nalitoka kutembea kandokando ya Mto Derwent, katika jimbo la Derbyshire, ramani mkononi. Njia ikaniongoza kupita malishoni, nikavuka kuta za mawe kwa vipandio vilivyowekwa makusudi, hata nikafika ua wa shamba la mtu. Ramani yasema njia yapita katikati, baina ya zizi la ng'ombe na nyumba yake. Hapo nikasimama. Mimi nimelelewa kwamba mtu haingii ua wa mwenziwe pasipo kupiga hodi. Basi nikapiga hodi. Akatoka mzee mwenye shamba. Nikavua kofia, nikamwomba ruhusa ya kupita. Akanitazama kwa mshangao, kisha akasema, "Bwana, sina ruhusa ya kukupa. Njia hii si yangu." Akanionyesha kibao cha njia langoni, akaniomba jambo moja tu, nifunge lango nyuma yangu, ng'ombe wasitoke.

Maneno yale yalinikaa moyoni. Ardhi ni yake na nyasi ni zake, lakini haki ya kupita ni ya watu wote, tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni. Tangu siku ile nikafanya bidii kujua haki hiyo imetoka wapi.

Katika Uingereza na Wales njia zenye haki hiyo, pamoja na zile za farasi, zapata maili 140,000. Nyingi hazikuchorwa na mhandisi yeyote. Zilifanywa na nyayo za watu waendao kanisani, sokoni, kwenye kinu cha kusagia nafaka, na kazini. Katika Mto Thames mashua za mizigo zamani zilivutwa kwa kamba, na watu na farasi wakitembea ukingoni. Karne ya 19 ilipoleta reli, biashara ya mashua ikapungua, na farasi wakatoweka. Lakini watembeaji hawakuiacha njia ile. Mwaka 1996 njia ya Mto Thames ilifunguliwa rasmi kuwa njia ya taifa, nayo yaenda maili 184 hivi, kutoka chanzo cha mto mashambani mwa Gloucestershire hata London.

Sheria yao ina kanuni moja iliyonistaajabisha. Njia ikitumiwa na watu miaka 20 pasipo kukatizwa, huhesabiwa kwamba mwenye ardhi ameitoa kwa umma, isipokuwa ameonyesha wazi kwamba hakukusudia hivyo. Kanuni hiyo ya miaka 20 iliwekwa na sheria ya mwaka 1932, na sasa imo katika Sheria ya Barabara ya mwaka 1980. Lakini matumizi hayo sharti yawe si kwa nguvu, wala si kwa siri, wala si kwa ruhusa. Tafakarini neno hilo la mwisho, Mabwana. Apitaye kwa ruhusa hukaa katika hisani ya mwenye ardhi, na hisani yaweza kuondolewa kesho. Apitaye mchana, kwa adabu, kama mwenye haki, ndiye nyayo zake zahesabiwa.

Lakini milimani mambo yalikuwa mengine. Mlima Kinder Scout, wenye futi 2,088, uko kati ya miji ya Manchester na Sheffield. Wafanya kazi wa viwanda waliuona kwa macho siku zote, lakini nyika yake ya juu ilifungwa, maana wenyewe walihifadhi humo ndege wa jamii ya kwale kwa kuwinda. Tangu mwaka 1876 palikuwa na chama katika kijiji cha Hayfield cha kutetea njia za kale, na mwaka 1894 kikaanzishwa kingine kilicho kikubwa zaidi. Watu hao waliandika barua, wakakutana na wenye ardhi, wakavumilia. Na mwaka 1897 wakafungua njia itokayo Hayfield hata hoteli ya Snake Inn. Lakini mtu hakuwa na haki kuiacha njia ile apande juu. Bwana James Bryce alikuwa amepeleka muswada Bungeni mwaka 1884 ili watu wapate kwenda milimani, haukupita.

Tarehe 24 Aprili 1932, watu kama 400, wengi wao vijana, wakaifuata njia ile ile ya mwaka 1897, kisha wakaiacha, wakapanda mlima. Kiongozi wao alikuwa kijana wa miaka 20, Benny Rothman. Walinzi wakawazuia, wakashikana, na mlinzi mmoja akaumia. Kuingia tu katika ardhi ya mtu hakukuwa kosa la jinai. Kwa hiyo walishtakiwa kwa fujo, na vijana watano wakafungwa, kati ya miezi miwili na sita. Rothman alipewa minne.

Nalisikia watu wakibishana, ni nani aliyeipata haki. Viongozi wa vyama vya watembeaji wa wakati ule hawakupendezwa na tendo lile, wakiogopa kwamba litaharibu mazungumzo ya miaka mingi. Wengine wasema kwamba pasipo vijana wale, barua zingalijaa kabatini hata leo. Mimi naona kwamba vijana wale walipanda mlima kwa njia iliyofunguliwa na waandika barua, na waandika barua walisikilizwa zaidi baada ya nchi nzima kusikia habari za vijana. Sheria ya mwaka 1949 ikaleta hifadhi za taifa, ya kwanza ikiwa hiyo hiyo ya Peak District, mwaka 1951. Mwaka 2000 Bunge likatoa haki ya kutembea hata nje ya njia katika milima na nyika zilizoandikwa katika ramani. Na mwaka 2002, miaka 70 baada ya tendo lile, Duke wa Devonshire, ambaye babu yake ndiye aliyekuwa mwenye ardhi ile, aliomba radhi mbele ya watu. Rothman alikuwa amefariki mapema mwaka ule ule.

Sasa nasema na makarani. Sheria ya mwaka 1949 iliamuru kila njia iandikwe katika ramani rasmi. Mabaraza ya vijiji yakatembea njia zake, yakaandika, yakapeleka taarifa kwa mabaraza ya majimbo. Njia iliyoandikwa hapo ni ushahidi usiopingwa. Lakini mahali walipoandika kwa uvivu, njia zilisahauliwa, na hata sasa watu wapekua karatasi za kale kuzitafuta. Sheria ya mwaka 2000 iliweka mwisho wa kudai njia hizo za kale kuwa mwaka 2026. Baadaye ukasogezwa hata 2031. Na mwaka 2024 serikali ikatangaza nia ya kuufuta kabisa. Dhiki hiyo yote ni kwa ajili ya mistari ambayo karani fulani hakuiandika.

Haki hiyo ina wajibu pande zote mbili. Mpitaji hufunga lango, humzuia mbwa wake karibu na kondoo, wala hatupi takataka. Mwenye shamba akilima juu ya njia ipitayo kondeni, ana siku 14 za kuirudisha ipitike.

Mabwana, nimerudi na swali, nanyi mniwie radhi, maana nimejiuliza mwenyewe kwanza. Ni mara ngapi mtu amekuja mezani petu kutaka kilicho chake kwa sheria, nasi tumemfanya asimame, avue kofia, aombe, kana kwamba twampa mali yetu? Na mara ngapi amerudi nyumbani akitushukuru kwa hisani, hali ilikuwa haki? Mzee yule angaliweza kunifanya niombe, nami ningaliomba, maana sikujua. Yeye aliniambia kweli: sina ruhusa ya kukupa.