TUITEMBEE PEMBA YETU

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Wawi)



Nimetakiwa niseme machache juu ya matumizi ya likizo. Naomba nianze na kisa changu mwenyewe.

Nilipokuwa masomoni Ulaya, mwenzangu mmoja alikuwa akijitayarisha kwenda Malta kwa mapumziko. Malta ni nchi ya visiwa yenye kilomita za mraba 316 tu. Pemba yetu inaishinda zaidi ya mara mbili. Hata hivyo yule bwana alikesha na ramani na daftari, akiandika siku gani atakuwa wapi na ataona nini. Akaniuliza: "Na kwenu Pemba, mgeni akiwa na siku nne utampeleka wapi?" Nikamtajia karafuu. Alipotaka zaidi, nikanyamaza. Mtoto wa Wawi, mwenye shahada ya Chuo Kikuu, sina la kusema!

Lililoniuma zaidi ni kuwa marehemu baba yangu aliniita mara nyingi twende Ras Mkumbuu, anioneshe magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Kila mara nilimjibu, "Likizo ijayo, baba." Kazi za ofisi hazikwisha, naye akatangulia mbele ya haki.

Niliporudi nilichukua daftari nikafuata mtindo wa yule bwana, pamoja na wanangu wawili. Siku ya kwanza tulikwenda Pujini, penye mabaki ya ngome ya Mkama Ndume, ambaye wazee husimulia kuwa aliwalazimisha watu wabebe mawe vichwani huku wakijiburura kwa makalio. Siku ya pili tulipanda mashua hadi Ras Mkumbuu. Palepale nikamsomea baba Fatiha. Siku ya tatu tulikwenda Kidike kuwatazama popo wakubwa ambao duniani hawapatikani ila Pemba, kisha Konde, msitu wa Ngezi na pwani ya Vumawimbi.

Siku ya nne ilikuwa zamu ya Mtambwe Mkuu, upande wa Wete, ambako mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za kale zaidi ya 2,000, nyingi za fedha na chache za dhahabu. Hapo nilikosea: sikuuliza habari za maji. Tuliyakuta yamejaa, tukangoja mpaka yakapwa. Katika kungoja huko mwanangu mdogo akaniuliza, "Baba, wewe umezaliwa hapa, mbona hukuja zamani?" Sikuwa na jawabu.

Basi vijana, mkipanga safari shikeni mambo matatu. La kwanza, epukeni miezi ya masika, kwani njia za ndani huteleza. La pili, waulizeni wavuvi habari za bamvua na maji mafu. Bahari haifuati saa za ofisi. La tatu, ingieni kwa adabu. Pigeni hodi kwa sheha, na mzee mmoja wa hapo awe mwalimu wenu. Jiwe msiokote, ukuta msiuandike.

Na sisi wakubwa tusiishie kupiga makofi. Napendekeza chama chetu kigharimie nauli ya darasa moja kila likizo ya Disemba. Mimi nitatoa nauli ya wanafunzi kumi wa mwanzo.

Sisemi msende Ulaya. Nendeni mkasome, mkatembee. Lakini wazee walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Mkiulizwa kwenu kukoje, msinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Na nyinyi ambao wazee wenu wangali hai, wakikuiteni twendeni, msiwajibu "likizo ijayo".