Miche Izoee Jua Kabla ya Kupandwa
Maneno ya afisa wa kilimo kwa wakulima wa Mashuuru



Wengi mmeniletea majani ya nyanya yenye mabaka meupe kama karatasi, mkiuliza ni ugonjwa gani. Mabaka hayo yakitokea siku mbili tatu baada ya kuhamisha miche, tena kwenye majani yanayotazama juu, usikimbilie duka la dawa. Hilo ni jua.

Ndani ya mwanga wa jua kuna mionzi tusiyoiona, iitwayo urujuanimno, nayo huharibu seli za jani. Sisi tuko karibu na ikweta. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri huwa wima utosini, na ndipo tunapotoa miche tukingojea mvua.

Jani hujikinga lenyewe. Kwenye ngozi yake hutengeneza kemikali ziitwazo flavonoidi, zinazonasa mionzi kabla haijafika ndani. Mwaka 1993 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba mimea isiyoweza kuzitengeneza huumizwa na mionzi hiyo kuliko mingine. Ule wekundu wa majani machanga ya mwembe ni wa ukoo huo huo.

Lakini mche huzitengeneza kwa wingi ukikutana na jua. Plastiki nyingi za grinhausi huzuia sehemu kubwa ya mionzi, kwa hiyo mche uliolelewa humo hutoka uchi. Mimi mwenyewe niliwahi kutoa trei nzima ya pilipili hoho saa sita mchana, nikikimbizana na mvua. Maji tulikuwa tunanunua kwa mtungi. Miche yote iliungua.

Anza siku kumi kabla ya kupanda. Siku mbili za kwanza ipate jua la asubuhi kwa saa mbili, kisha irudi kivulini. Ongeza muda kila siku. Punguza maji kidogo, ila isinyauke. Panda jioni. Ukinunua miche, muulize mwenye kitalu imekaa nje siku ngapi; akisitasita, izoeshe mwenyewe.

Na trei zikiwa nje, mtu akae karibu. Mbuzi hawangoji siku ya kumi.

Wanaotumia mwarobaini kwa wadudu, nyunyizieni jioni pia, maana jua huvunja nguvu ya dawa hiyo haraka.

Waliokuja na miche, ileteni hapa mbele tuitazame majani.