Taa za Gari Zilizofifia na Namna ya Kuzirudishia Nuru
(Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi na wanachama, Maili Moja, Kibaha)



Chama cha msingi kinapomiliki gari, mara nyingi gari hilo huwa ni kirikuu, Hilux au Noah iliyokwisha kutumika Japani miaka kadhaa kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Hubeba pembejeo, hubeba magunia ya korosho, na pengine usiku wa manane hubeba mwanachama mgonjwa. Injini yake hutazamwa, matairi hutazamwa, na mafuta huandikwa daftarini lita kwa lita. Taa za mbele hazitazamwi maadamu zinawaka. Lakini taa yaweza kuwaka na bado isimulike.

Malori ya zamani, yale ya Bedford na Leyland ambayo wazee wanayakumbuka, yalikuwa na taa za kioo halisi. Jiwe liliweza kuzivunja na kutu iliweza kula sahani ya ndani, ila kioo chenyewe hakikugeuka rangi. Marekani iliruhusu taa za plastiki zenye globu ya kubadilisha mwaka 1983, na nchi nyingine zikafuata. Plastiki hiyo huitwa polikaboneti. Ni nyepesi, haipasuki ovyo, na hufinyangwa kwa umbo lolote ambalo mwunda gari analitaka. Udhaifu wake ni jua. Kwa sababu hiyo kiwanda huipaka juu utando mwembamba, mgumu na angavu, wa kuzuia miale ya urujuanimno. Miaka inavyopita miale hiyo huula utando, vumbi na mchanga wa njia za vijijini huukwaruza, nao hubanduka vipande vipande. Ukishakwisha, plastiki iliyo wazi hugeuka manjano na kujaa ukungu. Katika Mkoa wa Pwani, ambako jua ni kali karibu mwaka mzima na magari hushinda nje, haishangazi kuona taa moja imekufa kabla ya mwenzake: huwa ni ile ya upande unaopigwa zaidi na jua pale gari linapoegeshwa.

Hasara yake si ya sura. Mwaka 2018 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima taa zilizofifia za magari yenye umri wa miaka kumi na moja hivi, kikakuta kwamba taa ya chini ilitoa kiasi cha asilimia 22 tu ya nuru ya taa mpya. Dereva mwenye taa kama hizo hupoteza karibu nusu ya umbali aliokuwa akiuona. Na tufani hiyo ya ukungu hufanya ubaya wa pili: nuru iliyosalia hutawanywa pande zote badala ya kulala barabarani, ikaenda kumchoma macho dereva anayekuja. Ndiyo maana anayetia globu kali zaidi ndani ya taa yenye ukungu hajitibu. Humpofusha mwenzake, na yeye mwenyewe aona ukuta mweupe.

Hesabu ya barabara ya Morogoro ni rahisi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva huchukua sekunde moja na nusu hivi kutambua kitu na kukanyaga breki. Zimekwisha kwenda mita 33. Kusimama kabisa kwenye lami kavu kwahitaji mita nyingine 35 hivi, na kwenye lami yenye maji huhitaji zaidi. Jumla ni karibu mita 70. Taa ya chini iliyo nzima yenyewe haifiki mbali kuliko hapo, na iliyofifia hufika nusu. Baina ya Maili Moja, Mlandizi na Chalinze usiku kuna lori bovu lisilo na taa ya nyuma, kuna guta, kuna baiskeli ya mkaa, kuna mama avukaye na ndoo. Hospitali ya Tumbi, iliyo kando ya barabara hiyo, imepokea majeruhi wake kwa miaka mingi.

Sasa, tiba. Tiba inayojulikana zaidi mitaani ni dawa ya meno. Si uongo wote: dawa ya meno ina chembe laini za kusugua, nayo huondoa manjano ya juu juu, gari likapendeza jioni ile. Ila hairudishi utando wa kuzuia jua. Baada ya majuma machache, au miezi michache kwa bahati, ukungu umerudi. Wengine hupaka dawa ya kujikinga na mbu. Hiyo ni mbaya zaidi, kwani baadhi ya dawa hizo zina kemikali ya kuyeyusha plastiki. Kinachong'aa ni uso ulioyeyuka, na baadaye hunata vumbi na kufanya nyufa ndogo. Petroli na tina zisikaribishwe kabisa kwenye taa za plastiki.

Kazi inayodumu yaweza kufanywa nyumbani na dereva au kijana yeyote mwenye subira, kwa nusu siku. Zinahitajika karatasi za msasa wa maji namba 800, 1000, 1500 na 2000, tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, sabuni, ndoo ya maji, spiriti, vitambaa safi visivyo na nyuzi, na vanishi angavu ya magari yenye kinga ya jua. Vanishi ya mbao haifai.

Taa ioshwe kwa sabuni na kukaushwa. Rangi ya gari iliyoizunguka ifunikwe kwa tepu, maana msasa hauchagui. Kisha taa isuguliwe kwa msasa namba 800 uliolowa, au 1000 kama manjano si mengi, kwa mkono mwepesi na kwa mwelekeo mmoja, maji yakimwagwa bila kukoma. Hapo mwanzo maji hutiririka yakiwa ya manjano. Huo ndio utando uliokufa, na haifai kuendelea na msasa unaofuata mpaka maji yatoke meupe na uso wote ufanane. Wengi huharibikiwa hapa: huona kazi imechosha, wakarukia msasa laini, na mabaka ya utando wa zamani yakabaki yakionekana chini ya vanishi. Namba 1000 isugue kwa kukata mistari ya ile ya kwanza, kisha 1500, kisha 2000. Mwishoni taa itakuwa na weupe kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Dereva asihofu, vanishi hujaza mikwaruzo hiyo midogo na uangavu hurudi.

Taa ifutwe kwa spiriti, isiguswe tena kwa kidole, na ipakwe vanishi kwa tabaka jepesi mara mbili au tatu, kwa kufuata maelezo ya kopo. Kazi hii isifanywe kwenye upepo wa vumbi wala siku za mvua ya masika, kwa kuwa unyevu huitia vanishi weupe usiotoka. Vanishi ya kuchanganya na kigumishi hudumu zaidi, lakini mvuke wake hudhuru mapafu, na kitambaa cha kufunga puani si kinga. Hiyo aachiwe fundi rangi mwenye kinyago cha kazi hiyo. Gari likae bila kuoshwa siku nzima. Katika kipimo kile cha AAA, taa zilizorudishwa zilifikia kiasi cha asilimia 70 ya nuru ya taa mpya. Si zote, lakini ni zaidi ya mara tatu ya ile asilimia 22.

Ikiwa ukungu uko ndani pamoja na matone ya maji, msasa wa nje hausaidii kitu. Mpira au gundi ya kuziba imeachia. Taa iliyopasuka, au ambayo sahani yake ya ndani imeungua, inunuliwe mpya bila kusitasita.

Jambo la mwisho lahusu vitabu vya chama. Mkaguzi apitiapo hati za malipo hukuta maneno "kung'arisha taa" mwezi Februari, tena Mei, tena Agosti. Kila malipo ni madogo, hakuna mjumbe wa bodi anayeyauliza, na kila mara stakabadhi haina jina la dawa iliyotumika. Yakijumlishwa, chama kimelipia kusuguliwa kwa plastiki mara tatu, nayo imezidi kuwa nyembamba bila kukingwa hata mara moja. Mwenye makosa si lazima awe dereva. Aghalabu ni fungu la matengenezo lililopitishwa kwenye makisio bila mtu kueleza kazi itakayofanywa.

Kwa hiyo katibu adai mambo mawili kabla ya kulipa: taa itazamwe mchana na mjumbe mmoja asiye dereva, na stakabadhi ya vanishi iambatishwe. Katika daftari la gari iandikwe tarehe ya kupaka na jina la vanishi. Usiku wa siku ya pili gari lisimamishwe mbele ya ukuta, mahali tambarare, na miale ya taa ya chini ilinganishwe, kwani taa iliyong'aa lakini imeinuka juu huwachoma macho wengine. Baada ya miezi kumi na miwili daftari lifunguliwe tena na taa ipitishwe kidole: ikiwa bado ni laini, isiguswe, ikiwa imeanza kukwaruza, ipakwe vanishi upya kabla ya manjano kurudi.